Eustace wa Bega la Mbele

Huku Lusegwa, kitongoji kilichong'ang'ania mlima juu ya Mgeta kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, ukoo mmoja una watu wa kila namna. Nusu wanafunga Ramadhani, nusu wanafunga Kwaresima, na Eustace anakula mwaka mzima.

Eustace haamini kwamba kuna Mungu. Analisema hilo kwa sauti ile ile anayosemea kwamba karoti za mwaka huu hazikufanya vizuri, bila ugomvi na bila kutaka kuungwa mkono. Ukimwamkia "Tumsifu Yesu Kristo," anakujibu, "Nimeamka salama, sijui wewe." Ukimpa "Asalaam aleikum," anasema, "Na nyinyi pia," na Abdulswamad, ustaadh wetu wa madrasa, baada ya kulitafakari jambo hilo tangu alasiri mpaka magharibi, alitoa uamuzi kwamba jibu limepungukiwa adabu lakini halina kosa.

Wageni wakisikia habari zake hutaka kujua ni kitu gani kilimpata. Wanategemea msiba, au padri aliyemkosea, au kitabu. Hakuna. Alitumikia altareni kama wavulana wote, akabeba mishumaa kama wavulana wote, akaionja divai ya misa nyuma ya mlango kama wavulana wote, akaitema, na ndio ulevi pekee aliowahi kuufanya. Kisha mwaka mmoja mvua ya mawe ikashuka. Ikapiga shamba la mama yake, lililokuwa limebarikiwa na kunyunyiziwa maji, na ikapiga shamba la jirani aliyekuwa mwizi wa mbegu, ambalo hakuna aliyelinyunyizia chochote. Yote mawili yakalala chini sawasawa. Eustace akaenda kupanda upya kwa mama yake, akamaliza, akaenda kupanda upya kwa mwizi. Anasema imani hakuipoteza. Aliiweka pembeni asiichafue, na jioni akasahau kurudi kuichukua.

Mkewe, Yuliana, ni sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kigango, na kila jioni anasali mara mbili: zamu yake, halafu ya mumewe. "Nyumba hailali mlango mmoja wazi," anasema. Eustace humngojea amalize zote mbili ndipo ale. Ugali ukipoa hanung'uniki.

Mtu wa namna hii angeweza kuachwa na mawazo yake mpaka azeeke, kama si urefu wake. Sisi Lusegwa ni wafupi. Wengine wanasema ni damu, wengine wanasema ni matenga ya kabichi tuliyobeba tangu utotoni yaliyotugandamiza. Warefu wa maana ni wawili tu: Eustace na Bartholomeo, katekista. Na warefu huku wana kazi yao.

Gari halifiki kwetu. Bodaboda hufika hadi pale dereva anapoanza kuwakumbuka watakatifu, kisha hugeuza. Kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa kwa machela hadi barabarani: mianzi miwili mirefu, katikati blanketi lililoshonewa gunia, na watu wanne, kila mmoja na ncha yake begani. Kila nyumba inatoa bega. Asiye na bega anatoa uji wa wabebaji, na asiye na uji anatangulia kufyeka njia. Ndiyo desturi, na hakuna anayejua nani aliianzisha, maana angejulikana angekuwa ameshafanywa mtakatifu au sharifu, kutegemea nani aliwahi kumdai.

Njia yenyewe inashuka kama ngazi iliyojengwa na mlevi. Wabebaji wa mbele wako chini, hivyo lazima wawe warefu. Na lazima walingane. Wakipishana hata kwa kiganja, mgonjwa anaporomokea upande mmoja kama unga kwenye kona ya gunia.

Basi katekista na mpagani wakawa ng'ombe wa nira moja. Miaka na miaka, mwanzi wa kulia kwa Bartholomeo, wa kushoto kwa Eustace, na hawakuwahi kunyamaza hata mteremko mmoja. Mgonjwa analala juu akisikiliza dunia ikiumbwa upande huu na kukanushwa upande ule. Mama mmoja aliyebebwa kwa tumbo aliapa kwamba alipona walipofika kijitoni, akaomba ashushwe ajirudie nyumbani, lakini wenyewe walikuwa wamefika kwenye Gharika na hakuna aliyemsikia.

Kabla ya kunyanyua, Bartholomeo husali. Akimaliza, Abdulswamad naye huomba dua, na kwa kuwa hakuna anayetaka ya kwake iwe fupi kuliko ya mwenzake, mgonjwa hupata muda wa kutafakari dhambi zake zote. Eustace husimama kofia mkononi. Ikizidi, hukohoa.

"Kama yupo, ameshasikia," husema. "Kama hayupo, kazi ni yetu. Kwa vyovyote shika mti twende."

Mambo yakaja kuharibika kwa sababu ya Furaha. Furaha ni bega la nyuma, kijana mwema, lakini siku ile alikuwa amepitia kwenye dengelua, na pombe ya miwa humfanya mtu awapende watu wote. Alimwona rafiki yake ng'ambo, akaachia mwanzi ili ampungie mkono. Mzee Leonard, aliyekuwa mgonjwa wa siku hiyo, akaserereka akatua kwenye tuta la njegere. Hakuumia. Alikutwa anazimenya.

Prisca, mwenyekiti wa kitongoji, hakucheka. Prisca ni mwanamke anayeamini kwamba kila tatizo la dunia linatokana na jambo fulani kutopitishwa mkutanoni. Akaitisha mkutano. Kila mbebaji aape kwamba hatagusa machela akiwa amelewa, wala hatamwachia mgonjwa njiani. Mezani akaweka Biblia upande mmoja, msahafu upande wa pili.

Furaha aliapa kwa Biblia, kisha akaomba maji ya udhu akaapa na kwa msahafu, ili kusiwe na lawama kokote. Wengine wakafuata. Ikafika zamu ya Eustace.

"Shika, Eustace," Prisca akasema.

"Nishike nini, mwenyekiti?"

"Biblia. Kama umekosana nayo, shika msahafu. Leo hatuchagui."

"Mimi sinywi. Mnajua wote kwamba sinywi."

"Sijakuuliza unakunywa nini. Nimesema shika."

"Nikishika kitu nisichokiamini nikaapa, nitakuwa nimewadanganya hapa hapa mnaniona. Halafu mnipe mgonjwa?"

Watu wakaguna. Wilfred, mkulima wa viazi na mtu wa maswali, akasimama, ingawa kwa Wilfred kusimama na kukaa havitofautiani sana. "Kaka Eustace, usinielewe vibaya. Mimi nikimwangusha mtu, najua kuna siku nitaulizwa. Wewe utaulizwa na nani?"

"Na huyo aliyeanguka," Eustace akasema.

Lilikuwa jibu zuri. Lakini mkutanoni majibu mazuri hayana kura. Mikono ikanyooshwa, na Eustace, mtu ambaye dengelua haijawahi kumfika tumboni, akaondolewa kwenye machela kwa azimio la kuzuia ulevi. Bartholomeo hakunyoosha mkono kumtoa, wala hakuunyoosha kumtetea. Aliangalia viatu vyake mpaka kikao kikafungwa. Bega la mbele la kushoto akapewa Wilfred, kwa kuwa alikuwa bado amesimama.

Ufupi wa Wilfred ulitibiwa kitaalamu: blanketi likakunjwa kama ngata, akawekewa begani. Wakajaribu kwenye uwanja wa kigango, ambao ni tambarare. Ikafaa kabisa.

Kisha Bi Zuhura akaanguka. Bi Zuhura ni mama mdogo wa Bartholomeo kwa upande wa ukoo, ingawa yeye anaswali na mtoto wa dada yake anafundisha katekisimu. Ulimi wake unaogopwa na pande zote mbili. Aliteleza kwenye shamba lake la karoti, na nyonga ikakataa kumnyanyua. Muuguzi wa zahanati akapanda kumwona, akasema imevunjika na lazima afike hospitali ya Morogoro siku hiyo hiyo. Gari la wagonjwa lingemngoja barabarani, lakini halingengoja mpaka jioni, maana na kwingine watu wanaugua.

Wakasali, wakaomba dua, wakanyanyua. Bartholomeo na Wilfred mbele, Furaha na Abdulswamad nyuma, Prisca akifuata kuhakikisha azimio linatekelezwa. Kwenye mteremko wa kwanza ngata ya Wilfred ikaanza kusogea. Wa pili, ikaanguka. Bi Zuhura akaporomoka kushoto mpaka nyonga mbovu ikabanwa kwenye mwanzi. Hakupiga kelele. Alivuta pumzi, na jasho likamtoka kwenye paji la uso, na hilo likawatisha kuliko kelele.

"Shusheni," akasema.

Wakamshusha kwenye kipande cha njia kilichokuwa na adabu kidogo.

"Vumilia, mama mdogo," Bartholomeo akasema. "Tumebakiza kidogo."

"Mmebakiza mlima mzima. Wilfred, mwanangu, Mungu akubariki, lakini Mungu huyo huyo alikuumba karibu na ardhi. Huyu hanibebi tena. Niitieni yule kafiri."

"Bi Zuhura," Prisca akasema kwa upole, "hajaapa."

"Mwenyekiti, mimi ndiye mzigo. Mzigo nao una haki ya kuchagua bega."

Eustace alikuwa anaonekana. Shamba lake liko ng'ambo ya bonde, usawa na njia, na asubuhi ile alikuwa kwenye matuta akikata kabichi, maana lori la kwenda Dar lilikuwa limeshafika barabarani na utingo alishaanza kupiga honi. Kabichi iliyokatwa ikikosa lori huwa chakula cha mbuzi. Huku simu hazishiki mtandao, lakini sauti inashika: ukisema jambo upande huu wa bonde, upande ule wanakujibu, na walio juu wanatoa maoni.

Bartholomeo akaweka viganja mdomoni. "Eustace ee!"

"Ee!"

"Bi Zuhura anakuita! Nyonga imevunjika! Wilfred ni mfupi!"

"Nimesikia!"

Prisca naye akasogea ukingoni. "Lakini uape kwanza!"

Kimya.

"Umesikia? Uape kwanza!"

Kimya tena. Majani ya migomba yalikuwa yamemficha, haonekani.

Basi bonde likaingia kikaoni. Mwamvita, anayelima njegere juu ya shamba la Eustace, akapaza sauti kwamba aape kwa mama yake, inatosha. Mwingine akajibu kutoka juu zaidi kwamba aape kwa mizimu, maana hiyo haijali mtu ana dini gani. Abdulswamad akapaza sauti kwamba kuapa kwa mizimu hakujuzu. Sauti ikamuuliza kutoka kwenye viazi kama kumwacha bibi wa watu njiani kunajuzu. Utingo naye akapiga honi, ikawa kama kura.

"Amenuna," Prisca akasema. "Anangoja abembelezwe."

"Mtu hana Mungu," Furaha akasema, "huruma ataitoa wapi?"

Bi Zuhura alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa imeanza kupauka. Bartholomeo akamtazama, kisha akavua kofia yake, akasema kwa sauti ambayo hatukuwahi kumsikia akiitumia hata Ijumaa Kuu:

"Mimi ni mdhamini wake. Akimwangusha, dhambi iwe yangu."

Abdulswamad akasogea mbele. Hakutaka Wakatoliki wapate thawabu zote. "Nusu iwe yangu."

"Dhambi inagawanyika?" Wilfred akauliza.

Swali hilo lingetuchukua mpaka adhuhuri. Lakini chini ya njia vichaka vikatikisika, na Eustace akachomoza. Alikuwa amelowa mpaka mapajani, matope mpaka viwikoni, kisu cha kabichi bado kiunoni. Hakupitia njia. Alishuka bonde moja kwa moja, akavuka kijito, akapanda kwa mikono na miguu kama nyani mwenye haraka. Alianza kukimbia pale pale aliposema amesikia; kikao chote kile tulikuwa tunamjadili mtu aliyekwisha kuondoka.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Umechelewa."

"Kwa nini hukujibu?" Prisca akamuuliza.

Eustace alikuwa ameinama, mikono magotini, anatafuta pumzi. "Siwezi kukimbia na kubishana."

"Na Bartholomeo mbona unabishana naye?"

"Huyo tunatembea."

Ng'ambo, kabichi zake zilikuwa zimelala kwenye matuta, nusu zimekatwa, nusu bado. Honi ikalia tena.

"Lori litaondoka, kaka," Wilfred akasema.

"Litaondoka," Eustace akasema, akachuchumaa kwenye mwanzi wa kushoto.

Prisca akamtazama, akayatazama matuta, akamtazama tena. Kuna vita vilipita kwenye uso wa mwanamke yule, kati ya azimio na macho yake mwenyewe. "Basi," akasema mwishowe. "Mkutanoni nitasema Eustace ameapa kwa kabichi."

Abdulswamad akafungua mdomo kusema kwamba hakujuzu. Bi Zuhura akafumbua jicho moja. Abdulswamad akaufunga.

"Kwa jina la Baba..." Bartholomeo akaanza.

"Mtasali mkitembea," akasema Bi Zuhura.

Wakanyanyua. Machela ikatulia sawasawa, kama meza. Bi Zuhura akashusha pumzi ndefu, rangi ikaanza kumrudi, na pamoja na rangi, maneno.

Ng'ambo kulikuwa na watu tayari. Mwamvita alikuwa ameacha njegere zake, wale wenye maoni kutoka juu wameshuka na visu, na Yuliana anaelekeza nani akate na nani ajaze tenga. Baadhi ya kwaya ilikuwepo. Utingo, alipoona kabichi zinamjia na nyimbo za Pasaka nje ya msimu, aliacha honi.

Njiani wale wawili wa mbele walikaa kimya kidogo, jambo lililomtia Bi Zuhura wasiwasi.

"Mmeugua na nyinyi?" akauliza.

"Nilisema dhambi iwe yangu," Bartholomeo akasema. Alikuwa akimsemesha mwenzake wa kushoto.

"Nimesikia. Bonde zima limesikia."

"Basi?"

"Basi nini?"

"Mtu husema asante."

"Kanyaga jiwe la kulia. Hilo la kushoto linacheza."

Bartholomeo akakanyaga la kulia. Wakashuka kidogo.

"Kwa nini siku ile hukunyoosha mkono?" Eustace akauliza.

Katekista akatembea hatua kadhaa. "Niliogopa."

"Ulimwogopa Mungu?"

"Prisca."

Nyuma yao Prisca akakohoa, na Furaha akacheka mpaka mwanzi ukatetemeka; Bi Zuhura akamwahidi kwamba akicheka tena atashuka ampige. Hapo wakaanza kubishana vizuri, wakaanzia Mwanzo, na wakati tunaiona barabara walikuwa wameshafika kwa Nuhu na Eustace anataka kujua mavi ya tembo wale wawili alizoa nani.

"Watoto wa Nuhu, kwa zamu," Bartholomeo akasema. "Kila nyumba ilitoa bega."

Eustace akalipima. Ndiyo mara pekee tunayokumbuka alipokosa la kusema, na Bartholomeo hulitaja jambo hilo kila Kwaresima.

Gari lilikuwepo, dereva ameshaingia ndani. Walipokuwa wanamwingiza Bi Zuhura, akamshika Eustace mkono wa shati. "Nimekuombea njia nzima. Utakasirika?"

"Hata. Ila ombea na goti la Bartholomeo, limeanza kulia."

Hospitali walimwekea chuma nyongani, na baada ya wiki kadhaa akarudishwa hadi barabarani, mnene kidogo na mkali zaidi. Tukashuka kumpokea, na Eustace akiwa kwenye nafasi yake; Prisca alikuwa ameshapitisha azimio jipya kwamba mtu anaweza kuapa kwa kitu atakachoumia kukikosa, na Furaha ameambiwa arudie kiapo, safari hii kwa dengelua. Alilia kweli.

Kupanda, mambo hugeuka. Kichwa cha mgonjwa hutangulia, na warefu hukaa nyuma, chini, nyuso zao zikimtazama. Kwa hiyo Bi Zuhura alikuwa na wote wawili mbele ya macho yake, mmoja kila upande wa miguu yake, na aliweza kuwaona wakipandisha pumzi kwa ajili ya hoja.

"Kwanza," Bartholomeo akasema, "tumshukuru Mungu aliyemponya."

"Na yule daktari aliyetoboa mfupa alikuwa anafanya nini?" Eustace akauliza. "Alikuja kusalimia?"

"Daktari kaletwa na nani?"

"Na basi la asubuhi."

"Sikilizeni," akasema Bi Zuhura. "Kaponya Mungu, kashona daktari, mmebeba nyinyi. Sasa nyamazeni, mnahema ovyo, machela inayumba."

Bartholomeo alisema amesikia. Eustace naye alisema amesikia, ila angependa lile la kwanza lirudiwe, maana hapo ndipo hakuelewa vizuri. Bi Zuhura akajisogeza kwenye mto, akakunja mikono kifuani, akamwelekezea Eustace kidevu.

"Haya," akasema. "Mlima bado mrefu. Anza wewe."